Picha ya Jino Inaweza Kubadilishwa

Wengi wetu huku Suji tukiumwa jino hungoja mpaka shavu livimbe. Ndipo tunateremka Makanya na kupanda gari la Same, au tunapelekwa mbali zaidi, KCMC Moshi. Huko daktari wa meno anaweza kutupiga picha ya eksirei. Leo tujifunze picha hiyo ni kitu gani.

Miale ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895 na Mjerumani Wilhelm Röntgen. Miale hii hupenya nyama kwa urahisi, lakini huzuiwa na vitu vigumu kama mfupa na jino. Kwa hiyo jino zima huonekana jeupe. Palipooza huonekana peusi. Zamani kivuli hicho kilinaswa kwenye filamu. Filamu ikikwaruzwa, alama huonekana. Wazee waliotunza picha zao za kifua chini ya godoro wanajua.

Siku hizi hospitali nyingi zimeacha filamu. Kibao kidogo huwekwa mdomoni, na picha huingia kwenye kompyuta. Kompyuta haijui jino, inajua hesabu tu. Picha yote ni nukta ndogo ndogo, mithili ya ulezi uliotandazwa kwenye ungo, na kila nukta ina namba yake. Mara nyingi 0 ni nyeusi kabisa na 255 ni nyeupe kabisa. Mtu akifuta 220 na kuandika 40 katika nukta chache, jino zima linapata tundu. Hakuna mkwaruzo. Daktari mwingine akiletewa picha hiyo anaweza asitambue kitu.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walibadilisha picha za mapafu kwa programu ya kompyuta. Waliweka saratani pasipokuwa na kitu, na kuifuta pale ilipokuwapo. Madaktari bingwa wa kusoma picha walidanganyika.

Nani afanye hivyo kwa jino? Ni mwenye kutaka kulipwa na bima kwa kazi asiyoifanya, au mwenye kuficha kwamba aling'oa jino zima. Fedha ya bima ni michango yetu, na jino la ukubwani haliooti tena. Hata bila hila, majina yanaweza kuchanganywa, picha yako ikasomwa kuwa ya jirani.

Kinga ipo. Kompyuta inaweza kukokotoa namba moja ndefu kutokana na nukta zote, ikawa kama lakiri juu ya bahasha. Nukta moja ikibadilika, namba hiyo hailingani tena. Lakini lakiri hiyo iwekwe mara tu picha inapopigwa. Ikiwekwa baadaye, italinda hata uongo.

Wewe mgonjwa, omba kuonyeshwa picha. Soma jina lako na tarehe. Kusoma sasa unajua. Uliza ni jino lipi, la juu au la chini, la kushoto au la kulia. Daktari aangalie pia mdomoni kwa kioo. Tundu lililo kati ya meno mawili linaweza kufichika na lisiume, kwa hiyo usikatae tiba kwa haraka. Omba maelezo, au daktari wa pili, kabla jino halijang'olewa.

Tena, katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi katika maji na magadi. Rangi hiyo peke yake si tundu.