Cheo cha kununua na damu ya Balaclava

Wengi wetu tunavaa kadigani, lile sweta la vifungo mbele, bila kujua kuwa limebeba jina la mtu. Ndugu msomaji, leo nataka tumtazame mtu huyo, James Brudenell, Lord Cardigan wa saba, kwani kisa chake kinawagusa Waislamu waliosingiziwa mbele ya ulimwengu.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1797 katika ukoo wa kitajiri. Mwaka 1818 aliingia Bungeni kwa jimbo lililokuwa mkononi mwa jamaa yake. Alipopiga kura isiyompendeza jamaa huyo, mwaka 1829, kiti kikamtoka. Jeshini nako, fedha ndiyo iliyosema. Sheria za wakati ule ziliruhusu afisa kununua cheo. Aliingia jeshi mwaka 1824, na mwaka 1832 tayari alikuwa Luteni Kanali, akiongoza kikosi cha wapanda farasi. Mwaka 1834 aliondolewa kwa kumwonea afisa wake. Miaka miwili baadaye akapata kikosi kingine, inasemekana kwa paundi 40,000, ilhali bei rasmi ilikuwa kama 6,000. Mwaka 1840 akampiga mtu risasi katika pambano la bastola. Malodi wenzake wakamhukumu na kumwachia, eti jina kamili la aliyejeruhiwa halikuthibitishwa! Sijui maskini gani angepata mwanya huo.

Sasa tufike Balaclava, Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Dola ya Uthmaniya, Uingereza na Ufaransa zilikuwa pamoja dhidi ya Urusi. Vilima vya mbele vililindwa na askari wa Uthmaniya. Warusi waliwashambulia alfajiri kwa maelfu, na kilima cha kwanza kikapigana zaidi ya saa nzima bila msaada kufika. Inakadiriwa askari 170 waliuawa pale. Waliobaki katika vilima vingine wakarudi nyuma, na Waingereza wengi wakawaita waoga.

Warusi wakaanza kuichukua mizinga ya vilimani. Kamanda mkuu, Lord Raglan, akiwa juu, akatuma amri izuiwe. Lakini waliokuwa bondeni hawakuiona mizinga hiyo. Waliiona ile ya Warusi mwisho wa bonde tu. Amri ilipitia kwa Lord Lucan, shemeji yake Cardigan, na wawili hawa walichukiana kwa miaka. Cardigan aliuliza kidogo, akajibiwa kuwa ni amri, basi. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia bondeni, mizinga ikiwapiga pande tatu. Kiasi cha 110 walikufa.

Tuseme haki, Cardigan alitangulia mbele yao na hakuogopa. Jioni akarudi kwenye boti yake ya kifahari bandarini, alikozoea kulala huku askari wake wakilala kwenye mahema. Mwaka 1855 alipokewa kwao kama shujaa na kupewa ukaguzi mkuu wa wapanda farasi wote. Wale wa kilimani waliitwa waoga kwa miaka mingi baadaye.

Cardigan alifariki mwaka 1868 baada ya kuanguka kwenye farasi. Ununuzi wa vyeo ulifutwa mwaka 1871.