Dondoo muhimu: Safari ya kwanza Serengeti kutoka Bariadi
Kwa anayetoka Bariadi, lango la Serengeti lililo rahisi kufikika ni Ndabaka, karibu na Lamadi wilayani Busega. Barabara hadi Lamadi ni ya lami. Jambo la kwanza kuamua ni mwezi. Makundi ya nyumbu hupita ukanda wa magharibi na Mto Grumeti takribani Mei hadi Julai. Desemba hadi Machi huwa mbali kusini, upande wa Ndutu. Masika hugeuza udongo mweusi wa ukanda huo kuwa tope linalonasa hata gari imara, hivyo kwa familia yenye watoto Juni na Julai hazina mpinzani.

Kitambulisho cha taifa kisisahaulike, kwani Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Nguo za bluu na nyeusi huvuta mbung'o, nao magharibi ni wengi. Rangi ya kaki inafaa zaidi.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Kuwahi saa hiyo kuna faida kubwa: simba huonekana zaidi kabla jua halijawa kali, na kwa kuwa kuendesha gari hifadhini usiku hakuruhusiwi, kuwahi huongeza muda wa kutazama wanyama.