Maisha ya Mbwana Samatta na Fundisho Lake



Nyumbani kwetu ni Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea hukutana na ile iendayo Tunduma. Wakati wa likizo mdogo wangu aliniambia, "Kaka, mimi naacha shule nicheze mpira kama Samatta." Sikuweza kumjibu papo hapo, kwa maana sikuijua vema habari ya mtu huyo. Niliporudi hapa Njombe niliitafuta, nami naieleza kwa ufupi.

Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alichezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilifungwa na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika, lakini Mazembe walimwona kijana huyo wakamnunua. Alikuwa na miaka 18, yaani ananizidi mmoja tu. Lubumbashi si ugenini kabisa: malori yapitayo Makambako huelekea Zambia na Kongo, na watu wa mji ule husema Kiswahili.

Mwaka 2015 Mazembe iliishinda USM Alger ya Algeria ikatwaa ubingwa wa Afrika, naye alifunga katika michezo yote miwili ya fainali. Januari 2016, mjini Abuja, alipewa tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wachezao barani Afrika. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji, akatwaa nayo ubingwa wa nchi mwaka 2019. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga kwa kichwa uwanjani Wembley, ingawa Manchester City walishinda 2-1.

Wengi wetu huishia hapo. Lakini Septemba ya mwaka ule ule aliondoka Villa akaenda Uturuki. Hakukata tamaa, mwaka 2024 alikuwamo katika PAOK iliyotwaa ubingwa wa Ugiriki.

Fundisho ni nini? Kwanza, tangu Simba hadi Wembley ilipita miaka ipatayo 10. Haraka haraka haina baraka. Pili, siku ile Mazembe walipomchagua, wachezaji wengi wa Simba walibaki. Hata timu yetu ya Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikashuka msimu huo huo. Je, asiyechaguliwa atakula nini ikiwa hana elimu wala ufundi?

Sikumwandikia mdogo wangu aache mpira, kwani ana mguu mzuri kuliko wangu. Nimemwandikia acheze jioni na asubuhi aingie darasani. Bado nangoja jibu lake.