Je, Kila Mtu Ana Kweli Yake?

Liko neno lisemwalo sana, hata na walimu: "Hiyo ni kweli yako, nami ninayo yangu." Laonekana neno la upole. Haya, na tulipime.

1. Asili yake. Neno hili si jipya. Protagoras, Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alifundisha ya kuwa mtu ndiye kipimo cha mambo yote. Plato alimjibu: Ikiwa kila wazo ni kweli, basi hata wazo la yule amkanaye Protagoras ni kweli. Tena mwalimu atafundisha nini, ikiwa hakuna ajuaye kuliko mwenziwe?

2. Lililo jema ndani yake. Kila mtu huona toka mahali aliposimama. Mtu wa Matema huiona milima ya Livingstone juu ya kichwa chake. Mtu wa Itungi huiona mbali, ng'ambo ya maji. Sisi twaliita ziwa Nyasa. Jirani zetu ng'ambo ya mto Songwe huliita Malawi. Hata wazee wa Kinyakyusa walijua ya kuwa hekima haipatikani kwa kukaa peke yako: katika vijiji vya marika vijana walijifunza kwa kuzungumza na wenzao. Monica Wilson aliandika habari hizo katika kitabu chake Good Company, mwaka 1951. Kwa hiyo mwalimu asidharau neno la mwanafunzi.

3. Lililo baya. Lakini milima ni ile ile, na maji ni yale yale. Tutazame malaria, adui wa pwani yetu. Jina lake latoka kwa Wataliano, maana yake hewa mbaya, ndivyo walivyodhani. Wengine walisema ni uchawi. Mwaka 1897 Ronald Ross aliviona vijidudu vyake ndani ya mbu. Mbu hamwulizi mtu ana kweli gani. Mtoto wa homa akicheleweshwa nyumbani, kwa kuwa mwalimu aliogopa kumwambia mamaye "Sivyo," upole huo umemfaa nani?

4. Basi mwalimu asikilize kwanza, apate kujua mwanafunzi amesimama wapi. Kisha amwongoze aone zaidi. Naye akubali kusahihishwa, maana hata wenye elimu walikosea juu ya hewa. Asemaye hakuna kweli hawezi kusahihisha wala kusahihishwa.

Maswali: (a) Kuna tofauti gani kati ya jina la ziwa na maji yake? (b) Ni lini kunyamaza kwa mwalimu si upole?