SOMO: GARI LA MTUMBA LENYE MBIO, NA FEDHA ILIYOKWISHA KUTOKA



Somo hili ni la kusomwa katika kikundi, wakati wa mapumziko au katika mkutano wa tawi. Mfano wake umetoka Kenya, lakini shida yenyewe haina mpaka. Mfanyakazi akopa, anunua gari la mtumba lenye nguvu, na kabla ya miezi sita aanza kulala gereji kuliko nyumbani. Kisha hujiuliza usiku kucha: "Je, nilikosea kulinunua? Nilitengeneze au niliuze?"

1. KWA NINI GARI HILI LAPENDWA

Tuchukue Subaru Impreza yenye injini ya tabo. Katika Kenya sifa yake haikuanzia kwenye matangazo ya biashara. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Watu walisimama kando ya barabara za vumbi wakaiona kwa macho yao. Kijana aliyeiona siku hiyo leo ni mtu mzima mwenye mshahara, naye ataka yake.

Hakuna ubaya kwa mfanyakazi kutaka kitu kizuri. Ubaya ni kununua bila kujua kitu hicho chala nini. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Kwa hiyo Impreza nyingi za bei nafuu ni zile zilizoingia zamani, ambazo zimekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, na si wote waliozitunza.

2. INJINI YA TABO YAFANYAJE KAZI

Tabo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa moto utokao kwenye injini. Gurudumu hilo lasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, ili petroli nyingi zaidi iungue na nguvu iongezeke. Kasi yake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kinacholilinda hasa ni oili. Oili ikipungua, au ikichakaa kwa kutobadilishwa, tabo hufa. Oili hiyo hiyo ndiyo inayolinda beringi za konrodi ndani ya injini. Beringi zikila, injini huanza kugonga, na hapo matengenezo si ya shilingi mbili.

Yapo na mengine. Silinda za injini hii zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, hivyo kazi nyingi humlazimu fundi kuishusha injini nzima. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hugongana na pistoni zikapinda. Magurudumu yote manne husukuma, kwa hiyo tairi zote nne hazina budi kulingana; kununua moja moja huharibu gia. Tena injini nyingi za tabo zilizotengenezwa kwa soko la Japan zilikusudiwa petroli ya oktani ya juu. Ukizinywesha petroli duni na kuzikimbiza, pistoni huumia.

Basi bei ya kununulia ni mlango tu. Gari liliposhuka bei, spea zake hazikushuka.

3. HESABU YA MFANO

Tuseme ndugu mmoja ni fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Tarakimu hizi ni za mfano, zimetungwa ili tujifunze.

Mshahara wake ni shilingi 54,000 kwa mwezi. Kodi na makato ya lazima ni 12,500. Mkopo wa karo ya watoto ni 6,000. Alinunua gari kwa 900,000: akiba yake 300,000, na 600,000 akakopa katika chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa miaka minne. Makato ya mkopo huo ni kama 15,800 kwa mwezi. Makato yote pamoja ni 34,300. Anabakiwa na 19,700 za chakula, pango na petroli.

Baada ya miezi miwili tabo ikafa: 85,000, akazitoa katika fedha za shamba. Mwezi wa nne injini ikaanza kugonga. Fundi anataka 250,000. Gari likiuzwa hivyo lilivyo, mnunuzi yuko tayari kutoa 450,000. Likitengenezwa, laweza kuuzwa 750,000.

Ndugu huyu asema: "Nimekwisha kutia 985,000 ndani ya gari hili. Siwezi kuliacha sasa."

4. KOSA LILILOMO KATIKA MANENO HAYO

Zile 985,000 zimekwenda. Hazirudi akitengeneza, wala hazirudi akiuza. Hesabu ya leo yataka maswali mawili tu: kuanzia sasa nitatoa nini, na nitapata nini?

Njia ya kwanza ni kuuza lilivyo. Atapata 450,000. Deni lililobaki ni kama 560,000, kwa hiyo atabakiwa na deni la 110,000. Chama kikikubali kulipanga upya kwa miezi iliyosalia, makato yatashuka kutoka 15,800 hadi kama 3,100.

Njia ya pili ni kutengeneza kisha kuuza. Atatoa 250,000 apate 750,000, inabaki 500,000. Yaonekana amezidi kwa 50,000. Lakini likizuka jambo jingine la 100,000, anabaki na 400,000, yaani chini kuliko njia ya kwanza.

Njia ya tatu ni kutengeneza na kuendelea nalo. Atatoa 250,000 na kubaki na makato yaleyale, pamoja na bima, tairi na petroli.

Sasa, hizo 250,000 zitatoka wapi? Akikopa tena kwa masharti yaleyale, makato yataongezeka kwa kama 6,600, yote yafikie 40,900. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwake yeye mwisho ni 36,000. Hivyo mlango wa chama umefungwa, na mlango uliobaki ni wa mkopeshaji wa riba kali anayeshika hati ya gari.

Kwa ndugu huyu njia ya kwanza ndiyo salama, hata ikiuma. Mwenye 250,000 mkononi zisizo na kazi nyingine aweza kuamua vingine. Mwenye haki ya kuamua ni hesabu ya mbele. Uchungu wa nyuma tuutoe katika kikao.

5. DENI SI LA MTU MMOJA

Tukumbuke wadhamini. Katika vyama vyetu mkopo hudhaminiwa na wenzetu wa kazini. Mkopaji akishindwa, mishahara yao ndiyo inayokatwa. Anayeona hatari aende kwa wadhamini wake na kwa ofisi ya chama kabla hajashindwa kulipa mwezi mmoja. Kupanga deni upya mapema si aibu. Aibu ni mchuma chai aliyekudhamini kukuta mfuko wa mshahara umepungua, naye hakuambiwa neno.

6. KABLA YA KUNUNUA NA KABLA YA KUTENGENEZA

(a) Mlipe fundi wako mwenyewe alikague gari, si fundi wa muuzaji. Apime mgandamizo wa kila silinda.

(b) Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika, muulize sababu.

(c) Dai stakabadhi za oili na za mkanda wa taimingi. Kama hazipo, hesabu kwamba kazi hiyo haikufanywa.

(d) Hakikisha jina katika hati ya gari ni la muuzaji, na kwamba gari halikuwekwa rehani.

(e) Ahadi zote za muuzaji ziandikwe na kutiwa sahihi.

(f) Weka akiba ya matengenezo kabla ya siku ya kununua. Kama mkopo umemaliza kila senti, gari hilo bado si lako.

(g) Ukiambiwa injini imekufa, tafuta fundi wa pili. Oili imwagwe mbele yako. Chembe za chuma zinazong'aa ndani yake ni ushahidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mfano wetu, ni fedha zipi zisizofaa kuingia katika uamuzi wa leo? Kwa nini?

2. Kama fundi wa pili angesema kazi ni ya 120,000, jibu lingebadilika? Fanyeni hesabu.

3. Tawi letu liwasaidieje wadhamini wajue mapema mkopo unapoyumba?