SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: RUHUSA ZA KUTUMIA HIFADHIDATA

Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta ili ziweze kutafutwa na kutumiwa kwa urahisi. Daftari la masjala hufungiwa kabatini kwa ufunguo mmoja. Hifadhidata hufunguliwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wakiwa vyumba mbalimbali. Kwa hiyo ni lazima iamuliwe mapema nani anaruhusiwa kufanya nini.

Tuchukue mfano wa viwanja vya Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza. Mwananchi amelipia kiwanja na jina lake limeingizwa. Iwapo kila mwenye kompyuta ofisini anaweza kulifuta jina hilo na kuandika jingine, kiwanja kimoja kitapata wenyewe wawili, na mwenye risiti halali atahangaika barazani kutetea haki yake.

Ili kuepusha hayo, ruhusa hugawanywa katika sehemu nne: kusoma, kuingiza, kubadili na kufuta. Karani wa mapokezi asome tu. Karani wa kumbukumbu aingize. Afisa ardhi ahakiki na kuidhinisha. Mhasibu ashughulikie malipo, asiguse mipaka ya kiwanja. Anayeingiza taarifa asiwe ndiye anayeiidhinisha.

Kanuni ya kumpa kila mtumiaji ruhusa inayotosha kazi yake, bila ziada, ilifafanuliwa na wataalamu Jerome Saltzer na Michael Schroeder mwaka 1975. Maana yake ni kwamba ruhusa hufuata kazi, wala haifuati cheo. Mkuu wa idara ambaye kazi yake ni kusoma taarifa hahitaji uwezo wa kuzifuta.

Aidha, kila mtumiaji awe na jina lake na neno lake la siri. Watu watatu wakitumia jina moja, mfumo utaandika jina hilo hilo kwa kila tendo, na likitokea kosa, asiye na hatia atashukiwa pamoja na mkosaji. Watumishi wanakumbushwa kutoazimana maneno ya siri. Mtumishi akihamishwa au akistaafu, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kufahamu taarifa zake zinazohifadhiwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na kasoro.

Hivyo, mwananchi akiona taarifa zake zimebadilika, aulize mambo matatu: nani alibadili, lini, na kwa idhini ya nani. Ofisi iliyogawa ruhusa ipasavyo na kutunza kumbukumbu za kila badiliko itakuwa na majibu yote matatu.