Kalenda ya ofisi na siri zako

Swali: Ofisini tunashirikiana Google Calendar. Juzi mwenzangu kaniuliza, "Dada, kliniki ya Alhamisi vipi?" Nilishtuka! Nifanyeje?

Jibu: Pole, dada. Fungua miadi hiyo, nenda kwenye mwonekano, badili wa kawaida uwe wa faragha. Wenzako wataona tu kwamba, tuseme, saa nne hadi saa tano una shughuli. Kichwa, mahali na maelezo vitafichika. Ila wale uliowaalika, na yeyote uliyemruhusu kuhariri kalenda yako, mathalani katibu muhtasi, bado wataona kila kitu. Kwa hiyo pitia orodha ya ruhusa, na jambo zito liandike "Miadi" basi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Usigawe kata ovyo.